Mjusi wa Tanga Aliyebebwa kwa Ingobyi

Mmeniuliza sana, kila mmoja na lake. Huyu kaambiwa nilisafirisha maiti kwenye lori, yule kasikia nimekamatwa na kenge porini, na mama mmoja wa kwaya kaniletea hadi sukari ya rambirambi. Jamani! Sukari nimeipokea, maana nyumbani ilikuwa imeisha, lakini hakuna aliyekufa. Yaani, yupo aliyekufa, ila zamani mno. Sasa naandika mara moja tu, msomeane, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Wengi wenu hamkumjua Mwalimu Ramadhani. Ni mwenyeji wa Biharamulo, babu zake wamezikwa pale, na ndiye aliyenifundisha baiolojia. Kila mwaka alikuwa na kipindi kimoja kisichokuwamo kwenye mtihani wowote, kipindi cha mjusi wa Tanga. Jina lake la kitaalamu ni Tangasaurus. Ni reptilia aliyeishi zaidi ya miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita, mwenye mkia mrefu bapa wa kuogelea, ndugu wa mbali wa wale reptilia wa kwanza waliohamia baharini. Mabaki yake yalipatikana Tanga. "Tanga yetu hii!" Mwalimu alikuwa akigonga meza. "Si Ulaya, si Marekani!" Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona hata siku moja. Alikuwa na picha moja tu kitabuni, na kila mwaka aliichora ubaoni kwa chaki.

Nilipokuwa kidato cha pili macho yake yalianza kufa. Ilikuwa presha ya macho, ila sisi hatukujua, tulijua tu kwamba anashika karatasi karibu na pua. Siku ya mjusi alichora vizuri kama kawaida yake, kisha akaenda dirishani kusoma maelezo yake kwenye mwanga. Mimi nilikuwa na chaki mfukoni. Nikanyata hadi ubaoni nikamvalisha yule mjusi viatu vya shule, vinne, na kamba zake. Mwalimu akarudi akafundisha kipindi kizima akionyesha kwa fimbo, "tazameni miguu hii, tazameni vidole," na darasa likafa kwa kicheko. Mwishoni akasogeza uso hadi ubao ukamgusa paji. Akauliza ni nani. Akafuta ubao wote kwa kiganja chake, akatoka.

Sikuwahi kusema ni mimi. Nimekuwa mwalimu wa baiolojia huku Keza, wilayani Ngara, mwaka wa kumi na moja sasa, na kila nikishika chaki nakikumbuka kile kiganja. Basi niliposikia Mwalimu Ramadhani, ambaye sasa haoni kabisa, anaagwa shuleni Biharamulo Jumamosi saa nne asubuhi, na siku hiyo hiyo bintiye anamchukua kwenda kuishi naye Mwanza moja kwa moja, nikampigia. Nikamwambia, "Mwalimu, nitakuletea mjusi wa Tanga umshike kwa mikono yako. Na nina neno la kukwambia." Akacheka. "Njoo naye, Veneranda. Nitasubiri." Nikajiapiza kwamba mjusi atafika hata kama nitambeba kichwani.

Kirushya, kwa Mzee Bazira

Mzee Bazira anasuka ingobyi, kile kitanda chetu cha kubebea wagonjwa mabegani. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na ujuzi huo, na hadi leo hakuna mkono kama wake tarafa nzima. Nilimpelekea mchoro na maelezo: mbavu, uti wa mgongo, vidole, mkia bapa. Nikamwambia mnyama mwenyewe hakuwa mkubwa, anatosha mkononi.

Ijumaa asubuhi nimefika, naonyeshwa kitu kirefu kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee. Huyu si ni mamba kabisa!"

"Marahaba. Ulisema ni wa mtu asiyeona?"

"Ndiyo."

"Basi. Ubavu mdogo kidole kinaupita hakiusikii. Nimemkuza ili asomeke. Au unataka mwalimu wako apapase kapu?"

Nikakubali, maana alisema kweli. Alikuwa ametumia matete yaliyopasuliwa kwa mbavu, mafunjo kwa uti wa mgongo, na nyuzi za mgomba kufungia kila kiungo. Vidole vilikuwa vitano vitano, vimetanuka kama vya mtu anayepiga maji. Nilimshika mguu nikachelewa kuuachia.

Mkewe alitupa ndizi za kuchemsha na maharage, akakataa katakata niondoke kabla sijamaliza sahani. Kumbe alijua. Chakula kile ndicho kilichonifikisha Ngara mjini.

Bodaboda wangu alikuwa Eliya, baba wa watoto wanne na mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alikuwa pia anapeleka ingobyi mpya kwa kikundi cha kubeba wagonjwa cha Mugoma. Mzee Bazira akaona njia: akamlaza mjusi ndani ya ingobyi, akamfunika kwa mkeka ili mvua isimharibu, akafunga vyote viwili ubavuni mwa pikipiki. Eliya akaniambia nikae nimeinama upande wa pili ili tusianguke. Tukaondoka tumepinda hivyo hivyo.

Kirushya hadi Mugoma, mabegani

Mvua ilitukuta kabla hatujaenda mbali. Tukafika kwenye kijito ambacho daraja lake la mbao lilikuwa limebakiwa na magogo mawili. Mtu anavuka, pikipiki haivuki.

"Turudi, Mwarimu," Eliya akasema. "Keshokutwa maji yatapungua."

"Keshokutwa Mwalimu yuko Mwanza. Shika kule mbele."

Akanitazama kama mtu anayetazama kichaa, akaegesha pikipiki kwa shemeji yake anayekaa hapo karibu, akashika kule mbele. Mimi nikashika nyuma. Katikati ya magogo simu yangu ikachomoka mfukoni ikaingia majini, ploo! Sikusimama hata kuitazama. Kama ningesimama ningeifuata.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na wanaume wawili wanatoka shambani na majembe. Walipotuona wakatua majembe, wakavua kofia. Mmoja akanisogeza pembeni taratibu, akatia bega lake mahali pa langu. Mwingine akachukua upande wa pili wa Eliya.

Ninyi wa huku mnajua, ila nawaandikia pia walio mbali. Kwetu ingobyi iliyofunikwa hubeba maiti, na ukikutana nayo huulizi. Unatua ulichobeba, unavua kofia, unabeba. Jina la aliyelala humo unaliuliza mkitua kupumzika, si kabla, ili isionekane kwamba mtu anabebwa kwa sababu ya ukoo wake. Na sisi tulikuwa tumefunika mkeka! Mimi, mtu niliyezaliwa huku, akili hiyo haikunijia hata kidogo.

Nikafungua mdomo. "Jamani, huyu siyo—"

"Pole, mama," yule wa kwanza akasema. "Usiongee. Tembea tu."

Eliya akanikonyeza na kuninong'oneza, "Mwarimu, nyamaza. Kilima bado kirefu."

Na mimi nikanyamaza. Nawaambia ukweli kwa sababu mnanijua: nilinyamaza kwa hiari yangu. Miguu ilikuwa imechoka, saa zinakwenda, na wale watu walikuwa na mabega. Wakaja wengine wawili, wakabadilishana. Baiskeli ya mkungu wa ndizi ikasimama, mwenyewe akaiegemeza kwenye ukingo akaja. Wanawake wakatokea migombani wakatufuata nyuma, na bibi mmoja mfupi mwenye kitenge cha njano akaanzisha wimbo wa kanisani. Wengine wakampokea. Tukapanda kilima kile tunaimbiwa, na mvua inanyesha, na bibi analia machozi ya kweli.

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya. Mara ya pili nawafanya watu wapumbavu kwa mnyama huyu huyu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa kidato cha pili. Sasa nilikuwa mtu mzima, tena mwalimu, na bado nimekaa kimya nyuma ya migongo ya watu wanaoniamini.

"Tueni!" nikapiga kelele. "Naomba tueni!"

Wakatua penye nyasi, kilima hakijaisha. Yule wa kwanza akafuta uso, akauliza kwa heshima kama inavyoulizwa, "Tumembeba nani, mama?"

Nikafunua mkeka.

Nyie! Wawili walirukia mtaroni. Mwenye mkungu akasema kwa sauti, "Kenge!" Bibi wa kitenge cha njano hakukimbia. Alikuja karibu, akainama, akanitazama mimi na si yule mjusi.

"Nimelia," akasema. "Nimemlilia mume wangu humo ndani, nimemlilia na kaka yangu. Machozi yangu utayarudishaje?"

Nikapiga magoti palepale kwenye tope nikaomba radhi. Nikaeleza yote, pamoja na viatu vya chaki, pamoja na Mwalimu asiyeona anayesubiri Biharamulo. Sijawahi kumweleza mtu mambo yale, na nimeyaeleza barabarani kwa watu nisiowajua majina. Eliya alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Kisha bibi akauliza, "Alikuwa anataga?"

"Hatujui kwa hakika, bibi. Tunadhani hivyo."

"Alikufa lini?"

"Kabla ya mtu yeyote kuwako duniani."

Akafikiri. "Kumbe hakuwa na mtu wa kumbeba." Akajifunga kitenge vizuri. "Haya, nyinyi wanaume mnasubiri nini? Mwalimu wa watu anangoja. Ila mkeka usirudishwe, watu waone wanachobeba."

Wakambeba hadi Mugoma akiwa wazi, na nyimbo zikabadilika zikawa za harusi. Kila aliyetukuta njiani aliuliza, na kila mara bibi ndiye aliyejibu, kwa uhakika kuliko mimi: ni wa Tanga, alikuwa anaogelea, haijulikani kama alitaga. Tulipofika, kikundi kilipokea ingobyi yao mpya, na mimi nikabaki na mjusi wangu kwenye mkeka. Yule mtu wa kwanza alikuwa na alama nyekundu begani. Nikamwambia pole. Akasema, "Mwarimu, mwaka kesho utuletee mwingine mwepesi."

Mugoma hadi Benaco

Kutoka Mugoma mimi na mjusi tulipanda pikapu ya magunia ya maharage hadi Ngara mjini. Eliya nilimrudisha kwake kwa nguvu, maana alikuwa ameshaanza kusema atafika hadi Biharamulo. Shangazi yangu wa Ngara alinipokea kwa furaha hadi alipoona mkia unaingia mlangoni. Akasimama katikati ya mlango na mwiko mkononi.

"Veneranda, hilo litalala nje."

"Shangazi, ni matete tu."

"Matete hayana vidole!"

Mjusi akalala na kuku katika jiko la nje. Asubuhi tulikuta jogoo amesimama juu ya mbavu zake kwa raha zote. Shangazi alinifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, akaniambia nisimwambie mtu kwamba lile jinamizi lililala kwake. Samahani, Shangazi, sasa wamejua.

Benaco nilifika mapema, nikadhani mambo yameisha. Malori yalikuwa mengi, yanatoka mpakani Rusumo yamerudi matupu, na kila dereva alinikubali hadi alipoona mzigo. Mmoja aliniambia hapakii mnyama asiyemjua. Mwingine alisema mjusi kwenye gari huleta pancha. Saa mbili ikapita nimekaa juu ya jiwe na chai ya rangi iliyopoa, nahesabu malori yanayoniacha. Nilitamani kulia. Sikulia, nilikula kiazi.

Aliyenichukua aliitwa Masanja, Msukuma mnene mwenye sauti ya upole. Alimzunguka mjusi mara mbili.

"Huyu alikufa zamani?"

"Zamani sana."

"Sasa unamkimbizia wapi?"

Nikacheka hadi nikamwaga chai. Nikamweleza. Akafungua nyuma ya lori bila kusema zaidi, akatandika turubai lake mwenyewe chini ya mjusi, akamfunga kama mtu anayefunga kitanda cha harusi.

Benaco hadi Rusahunga

Barabara ile inapita kwenye pori, na penye pori kuna kizuizi. Askari wa wanyamapori aliyesimama pale alikuwa mtu wa kazi yake, hana utani. Akachungulia nyuma ya lori, akashuka haraka.

"Kibali cha nyara kiko wapi?"

"Afande, hii siyo nyara. Huyu ametoweka duniani."

"Ndiyo hao hao tunaowalinda wasitoweke!"

"Hapana, afande, huyu tumeshachelewa."

Masanja alijifanya anakagua matairi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Askari akataka mzigo ushushwe. Nikaomba tuushushe wawili, akasema yeye anatosha, akashika mkia akavuta. Krak! Mkia ukakatika katikati.

Sikumbuki nilisema nini. Masanja anasema nilimwita yule afande majina ya reptilia wote kwa mpangilio. Nilikaa chini barabarani na kipande cha mkia mapajani, na hapo nililia kweli, saa nne na nusu ikiwa imepita. Hafla ilikuwa imeshaanza, simu iko kijitoni, na mkia ndio aliokuwa akiusema Mwalimu kuliko kitu kingine chochote.

Askari yule alivua kofia. "Mama, samahani. Nilidhani ni mzima, ana nguvu." Akaingia pembeni ya barabara, akarudi na fito nyembamba, mbichi, iliyonyooka. Masanja akakata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Sisi watatu tukauganga ule mkia kama mguu wa mtu, askari akishika, Masanja akikaza, mimi nikilaza mafunjo upya moja moja. Tulipomaliza ulikuwa imara kuliko mwanzo, ila mbaya. Askari akanyanyua kizuizi akatupigia saluti. Sijui alimpigia nani kati yetu.

Masanja alipaswa kunishusha Rusahunga, yeye aendelee na barabara kuu. Tulipofika njia panda akapunguza mwendo, akanitazama, akakata kona kwenda Biharamulo. "Usiniulize," akasema. Sikumuuliza.

Biharamulo

Saa saba na nusu tuliingia uwanja wa shule. Turubai zilikuwa zinakunjwa, viti vinapangwa juu ya viti, na masufuria ya pilau yanasuguliwa kwa mchanga. Gari dogo lilikuwa limewashwa injini mbele ya jengo la madarasa. Mwanamke mmoja akanijia mbio.

"Wewe ndiye Veneranda? Mimi ni bintiye. Baba amekataa kupanda gari tangu saa tano! Watu wametoa hotuba, wameondoka, yeye kakaa darasani. Tutafika Mwanza saa ngapi?"

"Yuko darasa gani?"

"La kidato cha pili."

Masanja na mimi tukamwingiza mjusi kwa mlango, tukamlaza juu ya madawati mawili. Mwalimu Ramadhani alikuwa kwenye kiti chake mbele ya ubao, kofia ya kufuma kichwani, mikono juu ya fimbo. Mwili umempungua. Walimu watano sita na wanafunzi waliobaki walikuwa wamejazana nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Niongoze."

Nikamshika mkono nikauweka juu ya fuvu. Akatulia. Kisha vidole vikaanza kwenda, taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri. Taya. Shingo. Akahesabu mbavu kwa mdomo bila sauti. Akafika kwenye mkia, akakuta mpira, akauminya.

"Huku ameumia."

"Amevunjika njiani, Mwalimu. Tumemfunga."

"Lakini ni bapa," akasema. "Ni bapa kabisa. Nilikuwa nawaambia." Akaupapasa tena kwa viganja vyote viwili, na uso wake, jamani, sijui niuandikeje. Alikuwa anafurahi wazi wazi mbele ya watu.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Keza. Nilikuwa nimeyasema kwa watu wa Mugoma, nimeyasema kwa Masanja. Nikavuta pumzi. "Mwalimu, lile neno nililokwambia—"

Akainua kidole ninyamaze. Akarudi kwenye miguu. Wa mbele wa kushoto, akatanua vidole vitano kimoja kimoja. Wa mbele wa kulia. Akazunguka dawati kwa kupapasa, akashika wa nyuma, wote wawili, akapitisha kidole gumba chini ya kila unyayo. Alipomaliza mguu wa nne akageuza uso wake upande niliposimama.

"Leo hujamvalisha viatu," akasema.

Darasa halikuelewa. Mimi nikashika dawati. "Mwalimu... ulijua?"

"Siku ileile. Darasa zima lilicheka, mmoja hakucheka. Sauti yako nilikuwa naijua, na haikuwamo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kaa chini, Veneranda." Akagonga meza kwa kiganja, kile kile. "Kaa dawati la mbele. Na nyinyi wengine njooni hapa karibu, mtashika kwa zamu. Tanga yetu hii! Si Ulaya, si Marekani!"

Nje bintiye alizima injini ya gari.